Mnyama wa Saa Saba

"Nakwambia fungua geti!"

"Na mimi nakwambia ninakula!"

"Unakula kwa mkono wa kulia. Funguo ziko kushoto. Fungua kwa kushoto."

"Mkono wa kushoto nao uko mapumzikoni. Wewe mama ni mtu wa namna gani? Huoni huu ni muda wa chakula?"

Semeni alikuwa ameshika nondo za geti kwa mikono miwili, kandambili mguuni, mkoba wa ushoni begani. Upande wa pili, kwenye kigoda, Mzee Lusasi mlinzi alikuwa amejipakatia sahani ya ugali na dagaa, naye hakuonyesha dalili yoyote ya kusimama.

"Hebu soma kibao chako," alisema Semeni. "Kisome kwa sauti."

Mzee Lusasi hakuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa amekaa chini ya kibao hicho kwa miaka kumi na mmoja. "Hifadhi ya Maumbile ya Jiji. Hufunguliwa saa saba hadi saa nane mchana. Karibuni."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa saba na dakika sita."

"Basi fungua!"

"Saa saba hadi saa nane ndiyo saa yangu ya chakula. Imeandikwa kwenye barua ya ajira na kupigwa muhuri. Wewe njoo saa nane."

"Saa nane si mnafunga?"

"Tunafunga," alikubali Mzee Lusasi, akakata tonge. "Na usiwe na wasiwasi, mwenyewe nitakuwepo."

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyeji wanaijua, na wageni wameshaipiga picha. Inatosha kusema kwamba ni nchi inayowajali watu wake mpaka wakati mwingine watu huomba ipunguze. Wizara ya Miti na Maegesho, kwa kuwajali wafanyakazi, ilitoa waraka kwamba msitu wa jiji ufunguliwe saa ya chakula tu, mtu asije akatazama majani katika muda wa serikali. Siku hiyo hiyo, kwa kuwajali walinzi, ilitoa waraka wa pili kwamba kila mlinzi ale chakula chake saa ya chakula bila kusumbuliwa. Nyaraka zote mbili zilikuwa nzuri, zilitiwa saini kwa kalamu moja, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kupita getini. Wizara iliwahi hata kulitunuku geti cheti kwa kutochakaa.

*

Semeni hakuja kutazama majani. Alikuwa fundi cherehani katika Kiwanda cha Taifa cha Vitambaa vya Sherehe, ng'ambo ya barabara, ambako alishona bendera, mikanda ya vifuani mwa waheshimiwa, na tepe za kukatwa. Mwanawe Sauda, mwenye miezi saba, alishinda upande wa pili wa msitu kwa Bi. Kidawa, mama mtu mzima aliyelea watoto wa mtaa mzima. Sauda alikuwa mtoto wa msimamo. Alikataa chupa, alikataa kikombe, na uji aliuacha umtiririke kidevuni huku akimtazama mlezi wake machoni. Alitaka ziwa la mama yake, saa saba, basi.

Kwa kukatiza msituni, kutoka kiwandani hadi kwa Bi. Kidawa ni dakika kumi na mbili. Kwa barabara ni dakika hamsini, kwa sababu barabara inazunguka kuta za nyumba za waheshimiwa, na kila ukuta una msafara wake wa kusubiriwa upite. Mapumziko ya mchana ni saa moja. Hesabu hiyo haihitaji diploma, ingawa Semeni alikuwa nayo. Msitu ukiondoka, ama anaacha kazi, ama anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Mume alikuwa kikosini mpakani, na mshahara wa kikosini ulikuwa nao mpakani hivyo hivyo. Kazi hakuweza kuacha.

Ndiyo maana tangu arudi kutoka likizo ya uzazi alikuwa akipita kwenye tundu la seng'enge nyuma ya kiwanda, kila siku ya kazi, bila kumsumbua mtu. Leo alikuta tundu limezibwa kwa bati jipya, limepakwa rangi ya kijani, na juu yake pameandikwa KARIBU MHESHIMIWA.

"Kwanza hata ukipita leo, kesho utapita wapi?" Mzee Lusasi aliuliza, akilamba kidole. "Hujasikia? Leo ni siku ya thelathini."

"Ya nini?"

"Sheria ya Mapenzi kwa Ardhi, mama. Ardhi yoyote ya umma isiyotembelewa na mwananchi hata mmoja kwa siku thelathini za kazi mfululizo, mwanzo hadi mwisho, na kwa furaha, inatangazwa kuwa ardhi isiyopendwa. Inapewa anayeipenda. Leo saa nane kamili Waziri anakata utepe geti la magharibi."

"Na anayeipenda ni nani?"

"Wizara. Wameleta magari arobaini mapya ya kupandia miti, hayana pa kuegesha. Watakata hii miti wapate maegesho."

Semeni aliukumbuka utepe wa magharibi. Aliushona juzi, mita nane, kijani, bila kuambiwa ni wa nini. Kiwandani hawaambiwi.

"Mbona mimi napita humu kila siku!"

"Kwa wapi?"

"Kwa tundu la nyuma."

"Aliyepita tunduni hajapita." Mzee Lusasi alivuta kitabu cha wageni kutoka chini ya birika, akakifungua kwa kidole safi. Kurasa zilikuwa nyeupe, isipokuwa duara la chai kwenye ukurasa wa kwanza. "Nionyeshe jina lako."

*

Hapo ndipo alipofika Bwana Anastazi, Afisa Furaha Daraja la Pili, mtu mwembamba mwenye faili kwapani, muhuri mfukoni na futi ya mafundi shingoni. Sheria ilisema furaha lazima ithibitishwe na mtaalamu, na mtaalamu alikuwa yeye. Leo alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba hakuna aliyekuja. Fomu alikuwa ameshaijaza jana ili asichelewe.

"Mlinzi, nifungulie. Nina barua ya Katibu."

Mzee Lusasi aliutazama muhuri wa barua, akaona ni mkubwa kuliko wa barua yake ya ajira. Alinawa, akafungua. Semeni aliingia pamoja na Bwana Anastazi kama mtu na kivuli chake.

"Wewe ni nani?"

"Mtembezi."

Bwana Anastazi aliitazama fomu iliyosema Watembezi: hakuna. Akamtazama Semeni. Akairudia fomu, akiipa nafasi ya kujitetea. Alikuwa mtu mwaminifu kwa namna ya watu wa ofisini: angeweza kuandika uongo kabla ya jambo kutokea, lakini si likiwa limesimama mbele yake limevaa kandambili.

"Mwanzo hadi mwisho?" aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Mwanzo hadi mwisho. Twende, mtoto analia."

"Kuna vituo vitano vya furaha, dada. Kila kituo unasimama, unafurahi, ninapima. Tabasamu lisipungue sentimita sita, na meno yaonekane."

"Futi yenyewe umeishika kichwa chini," alisema Semeni, akaandika jina kitabuni, akatangulia. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na nane.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa cha Miti. Palikuwa na visiki kumi na vitatu, kila kimoja na kibao chake: MTI NA. 1, YUPO LIKIZO. MTI NA. 2, YUPO LIKIZO. Wa saba alikuwa masomoni nje ya nchi. Wa kumi na mbili alistaafishwa kwa manufaa ya umma.

"Furahi," alisema Bwana Anastazi, futi tayari.

"Nifurahie kisiki?"

"Utumishi wao."

Aliandika: Kituo cha kwanza, hapana. Uso umekunjwa.

Cha pili kilikuwa cha Ndege. Ndege mwenyewe alikuwa wa saruji, ameketi juu ya nguzo, amepakwa rangi za bendera. Wizara iliona ndege wa kawaida hawaaminiki, kwani huja wanapotaka, na siku ya ugeni wa kimataifa walishindwa kabisa kufika licha ya kualikwa kwa maandishi. Chiriku wa kweli alikuwa ametua juu ya kichwa cha yule wa saruji, anaimba. Semeni alimtazama.

"Huyo haruhusiwi," alisema Bwana Anastazi. "Tazama wa chini yake."

Baada ya kituo cha Ndege walikuta bango jipya lenye mchoro wa kitu chenye mgongo uliopinda na macho mekundu. Wataalamu wanane wa wizara walikuwa wameutafiti msitu kwa wiki sita, na haya ndiyo waliyoyagundua:

TAHADHARI. NJIA YA MNYAMA ASIYEJULIKANA. HUPITA MMOJA MMOJA, SAA SABA, KWA HARAKA. HURUDI KABLA YA SAA NANE. HUVAA KANDAMBILI.

Semeni alitazama bango, akatazama njia nyembamba iliyochongwa na nyayo, akatazama miguu yake.

"Usiogope," alisema Bwana Anastazi kwa upole. "Hajawahi kumshambulia mtu."

"Bado," alisema Semeni.

Kituo cha tatu kilikuwa cha Maji. Chemchemi ya msitu ilikuwa imefungwa kwa kufuli ili kuilinda dhidi ya wenye kiu. Sauti ya maji ilisikika chini ya mfuniko. Semeni alisikia kifua chake nacho kimejibu, na blauzi ikaanza kulowa mbele, madoa mawili. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano, na kwa kawaida wakati huu Sauda angekuwa ameshashiba, amelala.

"Bwana Anastazi, una watoto?"

"Wanne."

"Basi unajua unachokiona. Tembea."

Bwana Anastazi aligeuza uso kwa adabu na kuandika: Kituo cha tatu, maji yameonekana. Furaha, hapana.

Cha nne kilikuwa cha Upepo. Kulikuwa na feni kubwa mtini, na umeme ulikuwa umekatika. Walisubiri dakika tano kwa mujibu wa kanuni.

Cha tano ndicho kilichomuudhi Semeni kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa kwenye mkuyu wake. Mkuyu huu wizara haikuuona bado, labda kwa ukubwa wake, kwa kuwa magogo madogo ndiyo huenea kwenye lori. Chini yake kulikuwa na baridi ya mtungi. Kila siku, akiwa anarudi, mtoto ameshashiba, hapa ndipo Semeni alipopunguza mwendo. Hatua ishirini hivi, hazizidi. Katika siku nzima, kuanzia kuamka hadi kulala, zilikuwa ndizo hatua pekee ambazo ndani yake hakuna mtu aliyemtaka jambo: si msimamizi, si mtoto, si mume wa kwenye simu. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kwenye shina walikuwa wamepigilia kibao: KITUO CHA UTULIVU.

"Je, umetulia?" aliuliza Bwana Anastazi, akimkaribia mdomoni na futi. "Je, unafurahi? Kidogo? Fungua meno."

"Nilikuwa nafurahi hapa kila siku mpaka mlipokuja kunipima!"

"Za nyuma hazihesabiki, dada yangu," alisema kwa masikitiko ya kweli, na akaandika sifuri ya tano.

*

Geti la magharibi lilikuwa wazi, na katikati yake umekaa utepe wa kijani, mita nane, kutoka nguzo hadi nguzo. Nje ya utepe palikuwa na turubai la waheshimiwa lenye kivuli na maji ya chupa, na pembeni, kwenye jua, wanawake mia mbili wa vikundi waliovalishwa kanga za sare na kusimamishwa hapo tangu saa mbili asubuhi. Maelekezo waliyopewa yalikuwa mafupi: utepe ukianguka, vigelegele. Kabla ya hapo, kimya. Nyuma yao magari arobaini ya kupandia miti yalikuwa yakinguruma papo hapo, kwa hofu kwamba yakizimwa hayatawaka tena.

Mbele ya utepe alisimama Waziri wa Miti na Maegesho, mkono mmoja hotuba, mkono mwingine mkasi wa dhahabu.

"Ndugu wananchi! Mti ni nini? Mti ni gari ambalo bado halijapata dereva! Wapo wanaosema serikali haipendi miti. Jamani! Mimi mwenyewe nimekaa ofisini siku thelathini, roho juu, nikisubiri kwa uchungu asije mtu. Na hakuja mtu!"

"Nimekuja!" alisema Semeni.

Waziri alitafuta kwenye karatasi kama neno hilo lilikuwa sehemu ya hotuba.

"Nani huyo yuko ndani?"

"Mheshimiwa," alisema Bwana Anastazi kwa sauti ndogo sana, "ni mtembezi."

Mtaalamu mkuu wa utafiti alimnong'oneza Waziri sikioni. Waziri alipandisha sauti. "Haiwezekani! Ripoti ya serikali inasema anayepita humu ni mnyama!"

Semeni alivua kandambili moja, akaiinua juu. "Mnyama wenu si huyu hapa?"

Wanawake mia mbili, ambao hawakuwa na ruhusa ya kucheka, walianza kutetemeka mabega.

"Sikiliza, mama," alisema Waziri, na uso wake ulionyesha mtu aliyewahi kuongoza vikao vigumu. "Kama wewe ni mnyama, basi si mwananchi, na sheria inataka mwananchi. Kama wewe si mnyama, basi ripoti ya serikali imekosea. Na ripoti ya serikali haikosei. Subiri hapo hapo ulipo, ndani ya utepe, nimalize kurasa tisa zilizobaki."

Turubai lilipiga makofi. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini na sita.

"Dada," alinong'ona Bwana Anastazi, "fomu inataka utoke kabla ya saa nane. Na utepe wa serikali hauvukwi kabla ya mheshimiwa. Na furaha bado ni sifuri. Nimejaribu. Mungu anajua nimejaribu."

Ndipo Semeni alipomsikia. Kati ya kanga za sare, Bi. Kidawa alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, Sauda mikononi, uso wa mtoto umelowa machozi, ngumi zimekunjwa, analia kilio cha mtu aliyeahidiwa jambo saa saba na sasa ni karibu saa nane.

"Mama Sauda!" aliita Bi. Kidawa. "Mtoto huyu leo ameniuma bega! Unangoja nini wewe?"

Semeni aliutazama utepe. Jambo moja kuhusu tepe za nchi ile linajulikana kiwandani tu. Mkasi wa dhahabu haukati. Zamani waziri mmoja alipambana na utepe kwa dakika ishirini mbele ya mabalozi na utepe ukashinda, na tangu siku hiyo kila utepe hukatwa kiwandani kabla ya sherehe, kisha huunganishwa tena katikati kwa mishono miwili ya bandi, uzi mwembamba, ili mheshimiwa akigusa tu uachie. Mishono ya utepe huu Semeni aliipiga mwenyewe. Aliijua ilipo.

"Ukurasa wa kumi na moja," alisema Waziri. "Maegesho ni nini?"

Semeni alivaa kandambili yake, akauelekea utepe pale katikati, akaupitia kwa tumbo bila kuinua mkono. Nyuzi mbili zilikatika. Utepe ulianguka huku na huku.

Mwanamke wa mstari wa mbele, aliyesimama juani kwa saa sita akingoja jambo hilo tu, alipiga kigelegele. Wa pili akapokea. Kisha mia mbili, kwa kazi waliyoitiwa na kwa kicheko walichokibana muda wote, mpaka ndege wa kweli wakaruka msituni. Bendi ikaanza wimbo wa sherehe. Turubai zima likasimama. Waziri, kwa mazoea ya miaka mingi, alipiga makofi, kisha akaikuta mikono yake inapiga makofi, akaitazama.

Semeni alikuwa ameshampokea Sauda na kumweka ziwani chini ya mtandio. Kilio kilikatika hapo hapo, kama bomba lililofungwa. Mtoto alivuta mara mbili, akavuta pumzi ndefu yenye kwikwi, akamshika mama yake kidole. Semeni akacheka.

Bwana Anastazi alikuwa amemfuata mbio, futi mkononi, safari hii kichwa juu. "Sentimita tisa," alisema, akaisoma futi mara ya pili, kwani katika utumishi wake wote hakuwahi kupima zaidi ya nne. "Meno yote. Na mashahidi mia mbili. Lakini kuna kipengele cha mwisho, dada. Sababu ya furaha."

"Andika nimefika."

Aliandika.

"Sasa piga muhuri."

"Bwana Anastazi!" aliita Waziri. "Usithubutu!"

Bwana Anastazi alitazama huku na huku, muhuri mkononi. Hapakuwa na meza. Meza zote zilikuwa chini ya turubai. Semeni alitazama saa iliyotundikwa kwenye nguzo ya geti, akamgeuzia mgongo, akainama kidogo bila kumtoa mtoto ziwani.

"Piga hapa," alisema.

Na fomu ikawekwa juu ya mgongo wa mnyama asiyejulikana, na muhuri ukapigwa, saa saba na dakika hamsini na tisa.